Kaleidoskopu ya nyumbani haitoi maua: kasoro, chanzo na tiba

Kaleidoskopu ni bomba la kuchungulia ambalo vioo vyake hugeuza shanga kuwa mchoro unaojirudia kama maua. Ikigoma, wengi hukimbilia shanga: wanabadilisha rangi, wanaongeza, wanapunguza. Shanga hukosea mara chache. Kasoro nyingi ziko kwenye vioo, yaani pembe, urefu na ubapa wake, na hapo ndipo tunapoanzia.

Vipimo vilivyomo humu ni vya kaleidoskopu ya kawaida ya bomba la karatasi lililobaki baada ya roli ya tishu za jikoni kuisha. Kipenyo cha ndani ni mm 40 na bomba limekatwa libaki mm 220. Ndani kuna vioo vitatu vya urefu wa mm 210 vilivyounganishwa pembetatu. Upande mmoja kuna tundu la jicho. Upande wa pili kuna kikasha cha shanga: duara la plastiki angavu linalogusa ncha za vioo, pete ya karatasi ngumu yenye kina cha mm 8, halafu duara la karatasi ya tresing, ile nyembamba ya kunakilia michoro inayopitisha mwanga, kwa nje. Kama bomba lako lina kipenyo kingine, zidisha kipenyo cha ndani kwa 0.866 upate upana wa kila kioo. Huo ni upana wa kioo chembamba kama karatasi. Vioo vinene vina hesabu yake, tutaifikia.

Kabla ya kubandua chochote kingine, fanya jaribio hili. Toa kikasha cha shanga. Simamisha bomba tupu juu ya kitenge chenye maua madogo mahali penye mwanga, kisha liinue kidogo, kiasi cha unene wa kidole, ili mwanga uingie. Chungulia. Ukiona pembetatu zimejipanga pande zote na maua yanajirudia, vioo ni vizima na ugonjwa uko kwenye kikasha. Ukiona ukungu, giza au mchoro uliovunjika, usiguse shanga. (Kwa kuwa umeinua bomba, mistari ya maungio haitakutana sawasawa. Hilo ni la kawaida hapa, na sababu yake utaiona chini.)

Rangi zipo, mchoro hakuna

Unaona mng'ao wa nyekundu na njano kwenye kuta, lakini hakuna umbo linalojirudia. Karibu kila mara aliyetengeneza ametumia foili ya jikoni. Foili inang'aa, ndiyo, lakini ina mikunjo midogo isiyohesabika, na kila mkunjo unarusha mwanga upande wake. Kuinyoosha kwa kijiko au kuibandika kwa gundi nyingi hakusaidii. Gundi ya maji huongeza mawimbi ikikauka. Kinachotakiwa ni uso uliolala bapa kabisa, na mng'ao unakuja baadaye.

Ushahidi wa hilo ni plastiki angavu. Chukua jalada gumu la plastiki lile linalowekwa juu ya ripoti zikifungwa steshenari, likunje pembetatu, uzungushie karatasi nyeusi kwa nje. Halina fedha yoyote nyuma yake, na bado linafanya kazi ya kioo vizuri kuliko foili. Sababu ni kwamba ndani ya bomba refu na jembamba mwanga unagonga kuta kwa kuteleza, na uso laini ukigongwa kwa mteremko huo hurudisha sehemu kubwa ya mwanga hata kama ni plastiki tupu. Ukilitazama jalada lilelile uso kwa uso, unaona hadi ng'ambo.

Jalada moja la A4 linatoa kaleidoskopu mbili. Kata kipande cha mm 110 kwa 210: mikunjo mitatu ya mm 34, na pindo la mm 8 la kubandikia. Usikunje kwa mkono mtupu. Pitisha ncha ya mkasi au kalamu iliyoisha wino kando ya rula, ukandamize bila kukata, ndipo ukunje. Mkunjo usiochorwa kwanza huwa duara badala ya kona, na kona ya duara hufuta mchoro pale kuta zinapokutana. Karatasi nyeusi usiigundishe kwenye plastiki. Izungushe tu kwa nje na uishike kwa selotepu. Madoa ya gundi yanaonekana kutoka ndani.

Picha ina ukungu

Hapa kuna vyanzo vinne vinavyofanana kwa macho, na kila kimoja kina tiba yake.

Anza na filamu ya kinga. Kioo cha plastiki na karatasi kioo (karatasi yenye uso wa kuakisi kama kioo) huuzwa vikiwa na utando mwembamba juu, mara nyingine pande zote mbili. Kwaruza kona kwa ukucha. Ukibanduka, ubandue wote. Ni jambo dogo mno kiasi kwamba watu hutengua bomba zima kabla ya kulifikiria.

Cha pili ni urefu. Jicho la mtu mzima halioni vizuri kitu kilicho karibu mno. Umbali wa starehe ni takriban sm 25, na baada ya miaka arobaini na kitu unazidi kusogea mbali. Kiini cha roli ya tishu za chooni kina sm 10 tu. Mtoto atachungulia na kushangilia, mzazi atachungulia na kusema hamna kitu, na wote wawili watakuwa wakweli. Unganisha viini viwili, au tumia bomba la sm 20 na kuendelea. Mwenye miwani ya kusomea aivae anapochungulia. Ukilazimika kubaki na bomba la sm 10, weka kwenye tundu la jicho lenzi ya kukuza yenye fokasi ya sm 10, ambayo kwa kipimo cha nguvu ya lenzi ni daioputa 10.

Cha tatu ni supaglu. Picha ilikuwa safi jana, leo kuna weupe kama vumbi la chaki kwenye plastiki na kwenye kioo, hasa karibu na maungio. Huo ni mvuke wa gundi yenyewe uliotua na kuganda. Ndani ya bomba lililofungwa pande zote hauna pa kutokea. Kwenye kioo cha kawaida futa kwa kitambaa laini chenye spiriti. Kwenye plastiki ya akriliki usithubutu spiriti, kwani huweza kuipasua nyufa ndogondogo. Badilisha kipande. Safari nyingine tumia selotepu au gundi ya moto, na ukiipenda supaglu, acha bomba wazi mpaka ikauke kabisa ndipo ufunge.

Mafundi wa vioo hupenda silikoni. Ile yenye harufu kali ya siki huila rangi na fedha ya nyuma ya kioo, na baada ya muda madoa meusi huanza kutambaa kutoka kwenye kingo. Kama ni lazima, omba silikoni isiyo na harufu hiyo.

Cha nne ni alama za vidole. Zifute kabla ya kukunja, maana baada ya hapo hufiki.

Maungio yana mistari minene, au mchoro haukutani

Tazama vizuri kabla ya kutengua, kwa sababu mstari na kutokutana ni magonjwa mawili.

Mstari wa kijani kibichi au mweusi wenye upana uleule kwenye kila ungio unatokana na unene wa kioo. Kioo cha ukutani kimepakwa fedha nyuma. Ukikutanisha kingo za mbele za vipande viwili, nyuso za fedha zenyewe hazijakutana; zimeachana mara 1.7 ya unene. Kioo cha mm 3 kinaacha pengo la mm 5, na pengo hilo linajirudia kila mahali kwenye picha. Kukandamiza zaidi hakuliondoi. Tafuta kioo cha mm 2 au chembamba zaidi, kioo cha akriliki cha mm 1, au karatasi kioo ambayo uso wake wa kung'aa uko juu kabisa. Kipimo ni rahisi: gusisha ncha ya kalamu kwenye kioo. Ncha ikikutana na taswira yake bila nafasi, fedha iko mbele. Ikibaki nafasi, iko nyuma.

Kwa anayetumia kioo cha dukani, vipimo ni hivi: bomba la mm 40 linapokea vioo vya unene wa mm 2 vyenye upana wa mm 32, au vya mm 3 vyenye upana wa mm 31. Ukimwambia fundi akukatie mm 34 kwa kuwa ndiyo hesabu ya duara, havitaingia, na ukivisukuma bomba litapasuka. Mwambie pia vyote vitatu avikate kwa mpangilio mmoja wa rula. Kingo zipigwe msasa wa maji taratibu upande usio na fedha. Msasa ukipita ovyo unamega fedha na kuongeza mstari mwingine.

Ukiviunganisha, vilaze kifudifudi na uache nafasi kati yao kabla ya kubandika selotepu mgongoni: mm 3.5 kwa kioo cha mm 2, mm 5 kwa kioo cha mm 3. Vikilazwa vikigusana, havikunjiki. Kingo za ndani hugongana, zinamenyeka, na selotepu inabanduka usiku huohuo.

Sasa ugonjwa wa pili: mstari ni mwembamba, lakini ua upande huu wa ungio halilingani na ua upande wa pili, na kadiri unavyotazama mbali na katikati ndivyo linavyozidi kuharibika. Hiyo ni pembe. Vioo vitatu vinajaza picha yote bila kuvunjika katika pembetatu za aina tatu tu: nyuzi 60-60-60, 45-45-90 na 30-60-90. Nyingine zote zinavunja mahali fulani. Na kosa dogo halibaki dogo. Vioo viwili vya mm 34 na cha tatu cha mm 36 vinafanya kona moja ifike karibu nyuzi 64 badala ya 60. Vipande sita vinavyoizunguka kona hiyo vinadai nyuzi 384, wakati duara lina 360 tu. Zile 24 zilizozidi ndizo unazoziona kama petali zilizopandana.

Pima vioo vitatu kwenye ncha zote mbili za bomba. Kama ncha ya jicho ina mm 34 na ncha ya shanga ina mm 31, vioo vimebanana upande mmoja, na picha itajikunja ionekane kama mpira. Wapo wanaofanya hivyo kwa makusudi kwa sababu inapendeza. Kama hukukusudia, fungua selotepu, panga upya, na uzungushie vioo bendi za mpira sehemu tatu wakati unabandika. Nafasi inayobaki kati ya vioo na bomba ijaze kwa pamba au karatasi iliyokunjwa, kiasi sawa pande tatu. Ukijaza upande mmoja zaidi unasukuma pembe.

Chanzo cha tatu cha kutokutana hakimo kwenye vioo kabisa: ni umbali kati ya ncha za vioo na shanga. David Brewster, Mskoti aliyebuni chombo hiki mwaka 1816, alisisitiza kwamba vitu vitazamwavyo viwe karibu kabisa na ncha za vioo, na alilalamika kuwa nyingi zilizouzwa London na Paris zilitengenezwa bila kufuata kanuni zake. Duara la ndani la kikasha likiwa mm 5 mbali na vioo, jicho linaona shanga zilizo nje ya pembetatu kupitia mwanya huo, na kila ungio linavunjika. Sukuma duara mpaka liguse. Vilevile ncha za vioo zote tatu ziwe usawa mmoja. Kimoja kikirudi nyuma mm 2, ungio moja ndilo litakalovunjika na mengine kubaki mazuri. Ukiona hivyo, umeshajua kioo cha kushtaki.

Nyota ya vioo viwili ina mguu kilema

Mtindo wa vioo viwili na upande wa tatu mweusi hutoa nyota moja katikati badala ya kujaza picha yote. Ni mzuri zaidi kwa maoni yetu, ila hausamehe. Pembe lazima igawanye nyuzi 360 kwa namba shufwa: 60 inatoa vipande sita, 45 vinane, 36 kumi, 30 kumi na viwili. Nyuzi 72 zinagawanya mara tano bila baki, na bado vipande vya mwisho havitakutana, kwa kuwa mwakisiko hubadilisha kulia kuwa kushoto na unahitaji mwenzake.

Huhitaji protrakta. Kwa vioo vya upana wa mm 35, upande wa wazi upime kati ya nyuso za ndani: mm 26.8 kwa nyuzi 45, mm 21.6 kwa nyuzi 36, mm 18.1 kwa nyuzi 30. Kisha chora mstari mmoja ulionyooka kwenye karatasi, simamisha vioo juu yake ukate pande zote mbili, na utazame. Umbo likifungwa, pembe ni sahihi. Likibaki na mwanya au likipandana, sogeza upande wa wazi nusu milimita kisha utazame tena.

Nyota ikiwa sawa lakini upande mmoja umefifia na duara limekuwa kama yai, tundu la jicho liko mahali pabaya. Kwenye vioo vitatu tundu hukaa katikati ya pembetatu. Kwenye vioo viwili likae karibu kabisa na kona vinapokutana. Kuna ukungu wa kijivu juu ya nyota? Upande wa tatu haukupakwa weusi, au umepakwa rangi nyeusi ya kung'aa. Tumia karatasi nyeusi isiyong'aa.

Giza

Pembetatu ya katikati ikiwa angavu huku zinazoizunguka zikizama haraka, kioo ndicho kinachokula mwanga. Kinachorudisha asilimia 85 kinabakiza takriban 52 baada ya kuakisi mara nne. Kwa plastiki angavu yenye karatasi nyeusi giza la pembeni ni la kawaida, na linapungua ukirefusha bomba. Urefu uwe angalau mara sita ya upana wa kioo.

Yote ikiwa giza, hata katikati, tazama unachotumia nyuma ya shanga. Tresing moja inatosha; karatasi nyeupe ya kuandikia inazuia mwanga mwingi mno. Na shanga zenyewe: mwanga unatoka nyuma yake, hivyo shanga isiyopitisha mwanga ni nyeusi hata kama mezani ni nyekundu ya kuwaka. Inua kila moja mbele ya dirisha kabla ya kuiweka. Vipande vya bangili za kioo, shanga za plastiki angavu na karatasi za pipi zinazopitisha mwanga hufaa. Bluu iliyokolea na kijani kilichokolea zikipandana hutoa weusi, kwa hiyo ziwe chache. Vipande vya bangili vipige msasa wa maji kwanza, visikukate wala kukwaruza plastiki.

Tundu la jicho liwe la mm 8 hivi. Chini ya mm 4 unalinyima jicho mwanga.

Elekeza bomba dirishani au angani penye mwanga, usilielekeze kwenye jua lenyewe. Tresing si kinga ya jicho, na mtoto aambiwe hivyo kabla hajapewa.

Shanga hazionekani au hazisogei

Umeweka shanga ishirini, kikasha kinalia, ukichungulia pembetatu iko tupu. Bomba likiwa limelala na ubavu mmoja wa pembetatu uko chini, mm 10 za chini za duara la mm 40 ziko nje ya vioo. Shanga chache zinakaa humohumo, zimefichika. Ongeza mpaka rundo lifike nusu ya kipenyo bomba likiwa limelala. Zikizidi hapo hazina pa kuanguka, na mchoro unabaki uleule hata ukizungusha.

Kina cha kikasha kiwe unene wa shanga kubwa kuliko zote na mm 2 au 3 za ziada. Kikiwa kifupi zinakwama. Kikiwa kirefu zinalundikana tabaka tatu na kuziba mwanga.

Zikinata kwenye plastiki kama zimegundishwa, ni umeme tuli. Huonekana zaidi sehemu kavu, mfano Dodoma kiangazi, kuliko Mombasa. Futa uso wa ndani wa plastiki kwa kitambaa chenye maji na tone la sabuni ya vyombo, uache ukauke wenyewe bila kusugua. Changanya shanga kadhaa za kioo, ambazo ni nzito na huzigonga za plastiki zikaachia.

Petali, mbegu na majani viweke vikiwa vimekauka kabisa. Unyevu mdogo tu hutoa jasho kwenye plastiki siku ya pili na ukungu wa kuvu wiki inayofuata. Kikishaota, tupa kikasha, usihangaike kukisafisha.

Kikasha cha glisirini, kinachofanya vipande vielee polepole, kisitengenezwe kwa karatasi na selotepu. Tumia kichupa cha plastiki angavu chenye kifuniko cha kusokota. Glisirini inapatikana duka la dawa. Ijaze polepole ukiinamisha kichupa ili isibebe hewa, iache wima mpaka mapovu yapande, kisha uongeze na ufunge. Jaribu shanga moja ndani yake usiku kucha kwanza, maana nyingine huchuja rangi na kila kitu kinakuwa cha waridi.

Bomba lenyewe limepinda

Kaleidoskopu iliyokuwa nzuri ikaharibika yenyewe baada ya wiki chache, hasa pwani, imekunywa unyevu: bomba limekuwa yai na kubana vioo. Chungulia kutoka ncha ya shanga uone kama pembetatu imelala upande. Bomba halirudi, hamishia vioo kwenye kipande cha bomba la plastiki la maji la inchi moja na nusu, ukipima kipenyo cha ndani kwanza kwa sababu unene wa ukuta hutofautiana. Selotepu ya kawaida hulegea kwenye joto, kwa hiyo maungio ya vioo yafunge kwa tepu ya kitambaa au ya fundi umeme, na bomba lisiachwe kwenye dashibodi ya gari.